Wakamwana wa Kituo Namba Mbili

Simu ilimkuta Esnath jikoni, vidole vimejaa utomvu wa ndizi. Akaibana kati ya sikio na bega, kisu bado mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeshakwenda?"

"Bado. Ndiyo kwanza saa moja."

"Saa moja ndiyo wanafungua," alisema Mzee Obed kutoka Kinyala, kwa sauti ya mtu aliyeamka na jogoo la kwanza. "Mimi kata yangu haina uchaguzi, nimekaa tu hapa kama mgonjwa. Wewe ndiye mkono wangu huko. Mwacha asili ni mtumwa, Esnath, na mimi sikuzaa mtumwa."

Akakata. Kabla Esnath hajafuta simu utomvu, mama mkwe wake akaingia na khanga ya Chama, mpya, bado ina mikunjo ya dukani.

"Jifunge hii, Mama Tusa. Ukoo uonekane."

"Kituoni hawaruhusu sare za vyama, Mama. Watanirudisha."

Mama mkwe akafikiri kidogo. "Basi jifunge kwa ndani. Mungu ataiona."

Ndivyo Esnath alivyotoka nyumbani asubuhi ile: sauti ya upinzani sikioni, khanga ya chama tawala kiunoni chini ya kitenge, na mgongoni mtoto wake Tusajigwe wa miezi saba, ambaye peke yake katika nyumba ile hakuwa amedaiwa msimamo na mtu.

Ulikuwa uchaguzi mdogo wa diwani, yule wa zamani alikuwa amefariki. Waliosimama walikuwa wawili. Ackson wa chama tawala, mzee wa kanisa, ndiye aliyehangaika mpaka wakulima wakapata banda la kukusanyia majani ya chai, wasilowe na mvua wakisubiri gari la kiwanda. Beatrice wa upinzani, muuguzi mstaafu, tangu kampeni zianze alikuwa na neno moja tu: zahanati ipate chumba cha kuzalia. Esnath alikuwa mchumaji wa chai na alikuwa mama. Watu wa Ackson walimwandika kwenye orodha yao ya wakulima, watu wa Beatrice wakamwandika kwenye orodha yao ya akina mama. Kila upande ulipopita nyumbani ulimchekea kama samaki aliyekwisha kuvuliwa na kutiwa kapuni.

Yeye mwenyewe hakulala vizuri wiki nzima. Akiwa shambani, mikono ikichuma, alikuwa wa Ackson. Jioni akimnyonyesha Tusa alikuwa wa Beatrice. Jumapili kwaya ikiimba na Ackson akipitisha kapu la sadaka, alirudi tena kwa Ackson, na baba yake akipiga simu alirudi kwa Beatrice. Hatimaye alikuwa ameamua, Beatrice, lakini uamuzi wenyewe ulimkaa kama kiatu kipya.

Hajawahi kupiga kura maishani. Safari moja hakuwa ametimiza umri. Safari nyingine kadi yake ilikuwa ya Kinyala, naye ameshaolewa huku. Safari hii alikwenda mwenyewe kuhamisha taarifa zake, akasimama foleni siku mbili na tumbo la miezi minane. Hakutaka mtu amwambie tena kwamba mwanamke aliyeolewa jina lake hupotea njiani, kati ya kwao na kwa mume.

Njiani walikuwa wawili, yeye na Lilian, mke wa shemeji yake mkubwa. Lilian alizaliwa Mpuguso, kwenye nyumba ya upinzani mtupu, lakini leo hakuna mwana Chama wa kumfikia.

"Mimi sikugeuzwa na ndoa," alikuwa akisema, akiruka dimbwi, kikapu chake cha chai kikimgonga mgongoni. "Nimegeuzwa na banda. Miaka tisa nimenyeshewa pale barabarani kama mbuzi. Ackson amenitoa mvuani. Huyo Beatrice wako amenitoa wapi?"

"Nani kakwambia ni wangu?"

"Uso wako, mwenzangu. Tangu Jumatatu una uso wa mtu aliyeficha kitu chini ya godoro."

Walicheka mpaka wakafika shuleni. Hapo kicheko kikakatika. Foleni ya Kituo Namba Mbili ilikuwa inakwenda vizuri, wanaume na wasichana na vikongwe, lakini pembeni, kwenye ukuta wa darasa la tano, walisimama wanawake tisa wamejifunika vichwa kwa vitenge. Wote walikuwa wameolewa ukoo mmoja na wao.

"Kuna nini?" Esnath aliuliza.

Mmoja akaelekeza mdomo kwenye mlango wa darasa. "Yumo ndani."

"Nani yumo?"

Hakukuwa na haja ya kujibiwa. Kutoka ndani ya darasa ulitoka kikohozi, kimoja kirefu na viwili vifupi, na wanawake wote kumi na mmoja wakageuza nyuso ukutani kwa pamoja.

Huyo mwenye kikohozi Esnath hajawahi kumtaja jina. Sisi tutamtaja, alikuwa Mzee Anyelwisye, baba mkwe wake. Kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana na baba yake mkwe hawatazamani. Siku hizi wengi wameiacha desturi hiyo, mjini Tukuyu utawaona wanakunywa soda meza moja. Kwenye boma la mzee huyu ilikuwa bado. Mkamwana hamwiti mkwe jina, hakatizi mbele yake, haingii chumba alichomo. Akimsikia anakuja, anaingia migombani na kujifunika. Mzee naye hukohoa akiwa mbali, ili mwana wa watu apate nafasi ya kupisha. Na mkwe wa ndugu mmoja ni mkwe wa ndugu wote. Miaka sita Esnath ameishi hatua thelathini kutoka mlango wa mzee: anaujua mgongo wake, kikohozi chake, na alama za mabuti yake matopeni. Uso wake ameuona mara moja tu, kwenye picha ya kipaimara ya mumewe Lwitiko.

Msidhani ni uonevu mtupu. Siku ya kuzaliwa Tusa, mtoto wa miaka mitano ya kuomba, uchungu ulimshika mchana na mvua inanyesha. Zahanati wakamtazama, wakasema hawana pa kumlaza, aende Tukuyu. Vijana wakambeba kwa machela hadi barabara ya lami, mwendo wa saa nzima, na mbele ya machela alitangulia mzee na panga, akifyeka migomba iliyoinamia njia, akipiga kelele watu wapishe. Hakugeuka hata mara moja. Esnath aliutazama mgongo wa koti lake lililolowa, na kila maumivu yalipokuja alishikilia macho pale.

Sasa mzee huyo alikuwa amekaa ndani ya darasa, wakala wa chama tawala, amekula kiapo, barua yake imegongwa muhuri, hatoki mpaka saa kumi jioni kituo kifungwe.

Wazo lilikuwa la Enosi, katibu wa tawi la Chama. Akamweka mzee anayeheshimiwa kuliko wote, ili ukoo mzima ujue unatazamwa.

"Vikao sita," alisema Lilian kwa sauti ya kusikika. "Wanaume wamekaa vikao sita, wamekula mchele na nyama, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba wake zao nao wanapiga kura. Mimi majani yangu yanakomaa. Wakimaliza kutafuta akili zao waniite."

Akakaza kikapu mgongoni, akapanda zake kilima kwenda shambani.

Enosi alifika mbio, kofia mkononi. Kwanza alichanganyikiwa. "Kura kumi na moja! Shemeji zangu, kura kumi na moja za kwetu zinakauka ukutani!"

"Badilisha wakala, basi," mmoja akamwambia.

"Wakala mbadala yupo. Ni..." Wakala mbadala alikuwa mdogo wake mzee, wa tumbo moja.

Wanawake wakaangua kicheko chini ya vitenge. Enosi akawatazama mmoja mmoja, na Esnath akaona jinsi hesabu ilivyombadilikia usoni. Huyu ametoka Kinyala. Huyu Mpuguso, na kote huko ni kwa wapinzani. Huyu kaka yake ndiye mweka bendera wa upinzani. Sauti ikashuka. "Lakini pia... desturi ni desturi. Hatuwezi kumvunjia mzee heshima kwa ajili ya siku moja."

Hapo ndipo alipojitokeza Ambindwile, kijana wa upinzani, mwenye pikipiki yenye spika mbili. Tangu asubuhi alikuwa anachekelea ule ukuta, kwa kuwa kwake yeye wake za ukoo wa mzee walikuwa kura za Ackson. Lakini akamtambua Esnath.

"We si binti wa Mzee Obed wa Kinyala?"

"Ndimi."

"Aisee!" Akamgeukia Enosi kifua mbele. "Huu ni unyanyasaji! Akina mama wananyimwa haki yao ya kikatiba!"

"Dakika kumi zilizopita ulikuwa unapiga mluzi," Enosi alimjibu.

"Dakika kumi zilizopita sikuwa na taarifa kamili."

Msimamizi wa kituo, mwalimu mmoja mwanamke mwenye miwani, akatoka mlangoni kuwatuliza. Akawasikiliza, akavua miwani, akaifuta. "Wakala akitaka kutoka, anatoka. Mimi siwezi kumtoa. Sheria yangu haina kifungu cha wakwe."

Saa tano. Saa sita. Manyunyu yakaanza, yale ya Rungwe yasiyonyesha wala kukoma. Esnath alikaa, akasimama, akafungua mbeleko, akanyonyesha, akafunga mbeleko, akatembea hadi kwenye mlingoti na kurudi. Alimpigia Lwitiko, aliyekuwa Tukuyu akipakia ndizi.

"Usije ukaingia," Lwitiko alisema, kelele za wapakiaji nyuma yake. "Unakumbuka mke wa ndugu yangu Ezron alivyokatiza mbele ya mzee? Alirudishwa kwao miezi mitatu."

"Nakumbuka."

"Uchaguzi utakuja mwingine, Mama Tusa."

"Kila ukija unakuwa wa mwingine," alisema, akakata simu.

Kengele ya kanisa ikagonga saa nane. Zimebaki saa mbili. Wanawake wawili walikuwa wanaanza kufungasha ili waondoke. Na kama wangeondoka, Esnath alijua, jioni pande zote mbili zingesema wakamwana hawapendi siasa.

Kwenye boma lile kulikuwa na njia moja tu ya mkamwana kumfikishia mkwe neno: anamwambia mtoto, mkwe naye anasikia. Asiye na mtoto huuambia mti. Miaka mitano Esnath aliuambia mpera wa uani kwamba chumvi imekwisha, kwamba ng'ombe amezaa. Sasa alikuwa na Tusa. Akaenda mpaka chini ya dirisha la darasa, akaupa ukuta mgongo, akamshusha mtoto na kumpakata.

"Tusa," alisema kwa sauti kubwa. "Mwambie babu yako mama anamsalimu."

Ndani, mazungumzo yakakoma. Mtoto akatafuna kidole.

"Mwambie tangu saa mbili mama yuko hapa na mama zako wadogo na wakubwa. Hatujaingia kwa sababu tunamheshimu. Mwambie hatutaingia akiwemo, hata giza likiingia. Lakini mwambie vilevile kwamba tunaumia."

Kikasikika kikohozi, kimoja kirefu. "Tusajigwe," sauti ya mzee ilipita dirishani, taratibu, na Kinyakyusa chake ndani ya Kiswahili. "Ndaga, asante, mjukuu wangu. Salamu nimepokea. Sasa muulize mama yako. Babu akitoka nje, chama chake hakina jicho humu ndani. Watu watamcheka. Muulize: babu akitoka, mama atampa nani kura?"

Enosi, aliyekuwa amesogea, alinyoosha shingo. Ambindwile akazima spika. Hata foleni ikageuka.

Ilikuwa rahisi. *Atampa wa kwako, babu.* Maneno manne, na mlango ungefunguka, na ndani hakuna ambaye angejua. Ulimi wa Esnath uliyashika maneno hayo kabisa. Akamtazama Tusa, naye Tusa akamtazama, macho meupe ya maziwa, akisubiri kama kwamba yeye ndiye aliyeuliza. Uongo wa kwanza ambao mtoto huyu angetumwa kuupeleka kwa babu yake.

"Mwambie babu," alisema, "mama anajua atampa nani, lakini hatasema. Mwambie si kwa kiburi. Kwa baba yake Kinyala pia hajasema. Mwambie akitaka kutoka kwa sababu ya jibu, basi asitoke. Sisi tutarudi nyumbani, na kesho maji ya kuoga atayakuta mlangoni kama kila siku."

Manyunyu yaliendelea kwenye bati. Esnath alihesabu pumzi zake mwenyewe. Mmoja wa wanawake alianza kulia polepole, mwingine akamkanya.

Kiti kikaburutwa.

Mzee Anyelwisye alitoka mlangoni amevuta koti lake juu ya kichwa, kichwa kizima, kama mtu anayepita kwenye nyuki. Desturi haimtaki mkwe ajifunike. Anayejifunika ni mkamwana. Wanawake wakageukia ukuta, lakini Esnath, aliyekuwa tayari amegeuka, alisikia mabuti yakipita hatua chache kutoka kwake.

"Mzee! Mzee, wataiba!" Enosi alimshika mkono wa koti.

"Niache, Enosi."

"Chama kimekuamini!"

"Nimelinda sanduku tangu alfajiri. Sanduku lisilo na kura za nyumba yangu, nalilinda la nini?" Akaenda zake, akipapasa njia kwa fimbo, hadi ng'ambo ya uwanja wa mpira, akakaa kwenye jiwe nyuma ya goli, amewapa mgongo.

Esnath aliingia wa kwanza. Kadi ikakaguliwa, jina likatafutwa, likaonekana. Kidole kikachovywa kwenye wino. Akapewa karatasi, akaenda nyuma ya kile kibanda cha maboksi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Picha mbili zilimtazama. Mpaka asubuhi alikuwa na uhakika. Lakini mzee alipokuwa ndani, kumkatalia kimoyomoyo kulikuwa kwepesi. Sasa alikuwa nje kwenye manyunyu, amejifunika kwa ajili yake, na wema huo ulimvuta mkono kuliko amri yoyote. Kalamu ikasogea juu ya Ackson. Mtu awe na mkwe kama huyu, na hata kura moja asimpe? Kalamu ikarudi. Baba yake yuko Kinyala, amekaa kama mgonjwa. Ikabaki hewani.

"Mama, kuna tatizo?" msimamizi aliuliza.

"Hapana, mwalimu. Mtoto anachezacheza."

Mtoto alikuwa amelala.

Akafumba macho amtafute mzee, akapata mgongo tu: lile koti lililolowa, panga likipanda na kushuka, migomba ikianguka kushoto na kulia. Saa nzima. Na kwa mara ya kwanza akajiuliza swali ambalo kwenye machela hakuweza kujiuliza: mzee wa miaka sabini alikuwa anafyeka njia ile kwa nini? Kwa sababu zahanati haikuwa na chumba. Shukrani ileile iliyokuwa inamsukuma kwa Ackson ikageuka, bila kupungua, ikaelekea kwingine. Akaweka alama ya vema kwa Beatrice, akakunja karatasi, akaitumbukiza.

Wengine wakaingia mmoja baada ya mwingine. Wapo waliotoka wakitabasamu, wapo waliotoka wamenuna. Mmoja alisema wazi, "Mimi Ackson, na sijatumwa na mtu." Mwingine akasema hata mumewe akimuuliza atamjibu kwa wimbo. Enosi alikuwa anaandika kwenye kiganja, anafuta kwa mate, anaandika tena.

Saa tisa na dakika ishirini akakimbilia nyuma ya goli. "Mzee, rudi ndani. Wamekwisha."

"Wamepiga wangapi?" sauti ilitoka chini ya koti.

"Kumi."

"Wakamwana waliosimama hapa walikuwa kumi na mmoja. Nitamngoja."

Lilian. Simu yake, wakakumbuka, ilikuwa dukani inachajiwa. Enosi akatazama mlango wa darasa usio na wakala wake, akatazama kilima, hakuthubutu kuondoka. Akaanza kuzunguka pale pale kama kuku aliyefungwa mguu.

Ambindwile alimsogelea Esnath. "Shemeji," alinong'ona, anameremeta, "muache huko huko. Lilian tunamjua. Akija anaifuta ya kwako. Unakuwa hujapiga kabisa."

Esnath alikitazama kidole chake chenye wino. Ilikuwa kweli. Alikuwa na dakika arobaini, na kilima kilihitaji ishirini kupanda. Angeweza kukaa tu. Hakuna ambaye angemlaumu, ana mtoto mgongoni, ana uchovu wa siku nzima, na kura yake moja, ya kwanza maishani, ingebaki nzima sandukuni.

Akakaza mbeleko, akavua kandambili, akazishika mkononi, akakimbia.

Njia ilikuwa utelezi. Tusa aliamka akaanza kurukaruka mgongoni, akilia kidogo, akicheka kidogo. Khanga ya ndani ikafunguka ukingo mmoja na kumpiga visigino. Akapita banda la chai, akapita kisima, akaingia kati ya mistari ya chai, majani yakimlowesha hadi mapajani.

"Lilian! Lilian wee!"

Kichwa kikainuka mbali, juu ya kijani. "Kuna msiba?"

"Ametoka! Ametoka nje, anakungoja wewe tu! Shuka!"

Lilian alisimama, viganja vimejaa majani. Alimtazama Esnath akihema, matope mpaka magotini, kandambili mkononi.

"Wewe umeshapiga?"

"Nimepiga."

"Na unajua nitakayempa mimi?"

"Najua," alisema Esnath. "Vua hicho kikapu, tukimbie."